Sura ya Nne: Kabla ya Taa Kuzimwa Savannah

Uchunguzi wa mizimu hufanyika gizani, lakini sehemu kubwa ya matokeo yake huwa imeshaamuliwa mchana. Mtu akiingia katika nyumba ya kale saa nne usiku huku ameshasimuliwa kwamba ghorofani kuna mwanamke anayelia, mbao zikialika atasikia kilio. Akiwa amesimuliwa habari za askari aliyekufa vitani, mbao zile zile zitamletea mshindo wa buti. Mwaka 1997 watafiti wawili, James Houran na Rense Lange, walichapisha jaribio walilolifanya katika jumba la maonyesho lililoachwa bila kutumika jimboni Illinois, Marekani. Waliwagawa watu 22 katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa kwamba jengo lina mizimu, la pili likaambiwa kwamba linafanyiwa ukarabati. Wote walizungushwa mahali pale pale. Walioambiwa habari za mizimu walitoka na mengi zaidi ya kusimulia, kuanzia msisimko wa mwili hadi hisia kwamba kuna mtu karibu.

Kwa hiyo sura hii inakuja kabla ya mzimu wowote. Inahusu maandalizi ya usiku mmoja katika jiji la Savannah, jimbo la Georgia, ambako nitaungana na kikundi kidogo cha wachunguzi katika nyumba iliyojengwa karne ya 19. Nyumba yenyewe na wenzangu sitawataja, kwa kuwa ninachotaka kukisema kinahusu nyumba zote za jiji hilo. Ikiwa tunachokitarajia ndicho tutakachokisikia, basi wajibu wa kwanza wa mchunguzi ni kuhakikisha kwamba anachokitarajia ni kweli. Na Savannah, ukweli kuhusu wafu umeandikwa kwa wingi kuliko waongoza watalii wanavyoupa nafasi.

Jiji juu ya makaburi

Savannah ilianzishwa Februari 1733 na Mwingereza James Oglethorpe pamoja na walowezi zaidi ya 100, juu ya mwinuko unaotazama mto, katika ardhi ya wenyeji walioitwa Wayamacraw. Kiongozi wao, Tomochichi, aliwapokea wageni kwa mazungumzo, na mkalimani alikuwa Mary Musgrove, mwanamke ambaye mama yake alikuwa wa watu wa Creek na baba yake Mwingereza. Oglethorpe aliupima mji kwa mpango ambao bado unaonekana leo: mitaa iliyonyooka, na katikati ya kila kata uwanja wa wazi wenye umbo la mraba. Viwanja hivyo vilifika 24 na 22 vingalipo, vikifunikwa na kivuli cha mialoni mikubwa yenye mimea ya kijivu inayoning'inia kwenye matawi. Mgeni akipita humo jioni, haoni ajabu kwamba watu wamepaita mahali pa mizimu.

Watawala wa kwanza wa koloni walipiga marufuku utumwa mwaka 1735. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1751, wenye mashamba waliposhinda. Kuanzia hapo mpunga, na baadaye pamba, vikaujenga mji kwa jasho la Waafrika. Nyumba nyingi ambazo leo wachunguzi hulipia kulala ndani yake zilijengwa kwa fedha hiyo, na nyingine kwa mikono hiyo hiyo.

Vifo vilikuja kwa makundi. Tarehe 9 Oktoba 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, majeshi ya Wafaransa na Wamarekani yalijaribu kuunyakua mji kutoka kwa Waingereza na yakarudishwa kwa hasara kubwa kabla jua halijapanda sana. Miongoni mwa waliokuja na Wafaransa walikuwamo watu huru weusi na machotara zaidi ya 500 kutoka Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Mnara wao umesimama katika uwanja wa Franklin.

Kisha ikaja homa ya manjano. Mwaka 1820, mji ukiwa umetoka kuunguzwa na moto mkubwa wa Januari, homa hiyo iliua watu wapatao 700. Ilirudi mwaka 1854, ikarudi tena 1876, na kila mara iliua watu zaidi ya 1,000. Wakati huo wakazi waliamini kwamba ugonjwa unatoka kwenye hewa chafu ya vinamasi na mashamba ya mpunga. Daktari Carlos Finlay wa Cuba alimtaja mbu mwaka 1881, na tume iliyoongozwa na Walter Reed ikathibitisha mwaka 1900. Kwa hiyo vizazi vya watu wa Savannah vilizika ndugu zao bila kujua kilichowaua. Nyumba moja inaweza kuzika watu watatu kwa wiki moja kwa sababu ya mbu aliyezaliwa katika pipa la maji la uani, nao wenye nyumba wakabaki wakitafuta sababu ukutani, kwenye upepo, au kwa Mungu. Hadithi nyingi za mizimu ya Savannah zilizaliwa katika pengo hilo, kati ya kifo kilichoonekana na sababu isiyojulikana.

Makaburi ya zamani ya katikati ya mji, Colonial Park, yalifunguliwa mwaka 1750 na kufungwa 1853. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Muungano chini ya Jenerali Sherman liliuteka mji Desemba 1864, na askari wake wakapiga kambi humo. Leo mawe mengi ya makaburi yameegemezwa ukutani upande wa mashariki, mbali na wafu wanaotajwa juu yake. Watalii huonyeshwa ukuta huo.

Wasichoonyeshwa sana ni makaburi yasiyokuwa na mawe kabisa. Waafrika waliokuwa watumwa walizikwa kusini mwa mji wa wakati ule, na mji ulipopanuka ukajengwa juu yao. Uwanja mmoja uliowekwa mahali hapo ulipewa jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa kuliko karibu mtu yeyote wa enzi yake. Watu walipumzika kwenye mabenchi ya uwanja huo, mifupa ikiwa chini yao, na juu yao jina la mtu aliyewaona wenye mifupa hiyo kuwa mali. Baada ya kampeni ndefu ya wakazi, baraza la jiji liliupa uwanja huo jina jipya Agosti 2023: Taylor, kwa heshima ya Susie King Taylor. Alizaliwa utumwani mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri hapo hapo Savannah katika wakati ambapo sheria ya Georgia ilikataza, kisha akawa mwalimu na muuguzi wa kikosi cha askari weusi wa Muungano. Kumbukumbu zake alizichapisha mwenyewe mwaka 1902.

Mwanamke asiyekuwa na karatasi

Katika uwanja wa Madison kuna jumba la Sorrel-Weed, lililojengwa karibu na mwaka 1840 kwa ajili ya mfanyabiashara Francis Sorrel, mzaliwa wa Saint-Domingue. Ni mojawapo ya majumba yanayotembelewa sana na watafuta mizimu nchini Marekani. Hadithi inayosimuliwa humo ni kwamba Sorrel alikuwa na uhusiano na mtumwa wake aitwaye Molly, kwamba mkewe Matilda aliligundua jambo hilo na akajirusha kutoka ghorofani, na kwamba baadaye Molly alikutwa amenyongwa kwenye banda la magari ya farasi nyuma ya nyumba. Wageni hupelekwa bandani na kuulizwa kama wanahisi chochote.

Mwanahistoria Tiya Miles alifika Savannah akaisikia hadithi hiyo, ikamgusa, akaenda kumtafuta Molly. Matokeo aliyaeleza katika kitabu chake Tales from the Haunted South cha mwaka 2015. Kifo cha Matilda mwaka 1860 kina kumbukumbu. Molly hana. Miles hakupata ushahidi wowote kwamba mwanamke huyo, katika uhusiano huo na kwa kifo hicho, aliwahi kuishi. Hoja yake inapaswa kumkaa kichwani kila anayejiandaa kwa usiku kama wetu: ziara hizi huchukua mateso ya wanawake weusi, huyavalisha mapenzi na kisasi, kisha huyauza kama msisimko wa jioni. Mambo aliyotendewa mtumwa wa kike katika nyumba kama ile yalikuwa ya kweli na ya kawaida. Molly wa bandani amekuja kuyafunika kwa tamthilia.

Sasa fikiria kinachotokea usiku wa uchunguzi. Mtu anasimama bandani gizani na kuuliza, “Molly, upo hapa?” Kinasa sauti kinanasa mkwaruzo wa silabi mbili. Kesho yake watu sita wanausikiliza wakiwa wameshaambiwa jina la kutafuta, na wote sita wanasikia “Molly”. Ushahidi umepatikana wa mtu ambaye hakuna karatasi inayomjua. Hakuna aliyedanganya. Matarajio yamefanya kazi yote.

Waliokuwa na namba

Wakati Molly ana ziara kila usiku, kuna watu 436 walioletwa Savannah kuuzwa, ambao majina yao, umri wao na kazi zao vilichapishwa, na hawatajwi sana katika ziara za usiku.

Pierce Mease Butler alirithi mashamba ya mpunga na pamba kwenye pwani ya Georgia. Mkewe wa zamani, mwigizaji Mwingereza Fanny Kemble, aliishi huko majira ya 1838 na 1839, akaandika shajara ya aliyoyaona na kuichapisha mwaka 1863. Butler alicheza kamari na fedha zake, na msukosuko wa masoko ya hisa mwaka 1857 ukammaliza. Ili kulipa madeni, aliamua kuuza watu.

Walipelekwa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ten Broeck, nje kidogo ya mji, wakalazwa katika mabanda ya farasi wakisubiri. Wanunuzi walikuja siku kadhaa mapema kuwakagua: waliwafungua midomo watazame meno, wakawainamisha, wakawatembeza. Mnada ulifanyika tarehe 2 na 3 Machi 1859, mvua ikinyesha siku zote mbili. Kati ya 436 waliotangazwa, waliouzwa ni 429, kwa dola 303,850. Mwandishi wa gazeti la New York Tribune, Mortimer Thomson, alijifanya mnunuzi, akatembea kati ya madalali na orodha mkononi, kisha akaandika yote aliyoyaona.

Katika orodha ile kila mtu alikuwa na namba. Jeffrey, miaka 23, mchumaji hodari wa pamba, alikuwa namba 319. Dorcas, msichana aliyempenda, alikuwa namba 278. Jeffrey aliponunuliwa alimfuata bwana wake mpya kofia mkononi, akamsihi amnunue na Dorcas, akimsifia kama afanyavyo muuzaji: ana nguvu, anajua kazi ya shamba la mpunga, bei yake itarudi. Bwana yule alikubali kumfikiria. Siku ya pili ikajulikana kwamba Dorcas hauzwi peke yake. Anauzwa pamoja na familia ya watu wengine wanne. Mnunuzi hakuwataka hao wengine. Dorcas akaenda upande mmoja, Jeffrey upande mwingine. Mnada ulipokwisha, Butler alimpa kila mtu aliyemuuza dola moja kwa sarafu mpya.

Wazao wao waliziita siku hizo wakati wa kilio. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mwaka 2008 magharibi mwa jiji, mbali na mitaa ya watalii. Msomaji akitaka kujua kwa nini nimeingia katika uchunguzi huu na orodha ya majina kabla ya kununua kifaa chochote, sababu ni Jeffrey na Dorcas. Savannah ina wafu wenye majina, wenye maneno yaliyosikiwa na shahidi, wenye siku na mahali. Kuwapita hao ili kumfuata mtu wa kubuniwa ni dharau.

Vifaa, na jinsi vinavyodanganya

Mifuko ya wachunguzi wa mizimu hufanana kote Marekani: kipimo cha uga wa sumakuumeme chenye taa ndogo zinazowaka kwa zamu, vinasa sauti, kipimajoto cha miale, kamera ya kuonea gizani, redio maalumu, tochi, na betri nyingi. Kila kimoja kinapima kitu halisi. Tatizo ni kwamba hakuna kati yake kilichotengenezwa kupima mfu.

Kipimo cha sumakuumeme huitikia umeme, na nyumba za Savannah zilizojengwa kabla ya umeme zimetobolewa na kupitishiwa nyaya kwa vizazi vitatu au vinne vya mafundi. Ukutani unaweza kupita waya wa zamani ambao hakuna anayekumbuka unakwenda wapi. Jokofu la ghorofa ya chini likijiwasha, taa za kifaa zinaweza kuwaka ghorofa ya juu. Simu ya mkononi iliyosahaulika mfukoni inatosha kukichachamaza. Ndiyo maana tutafika alasiri, tupite chumba kwa chumba taa zikiwa zimewashwa, tuandike kipimo cha kila kona, kila soketi na kila swichi. Usiku, kifaa kikiwaka mahali ambapo alasiri kiliwaka, hakuna cha kujadili.

Kipimajoto cha miale hupima joto la uso wa kitu kinachoelekezewa, wala hakipimi hewa. Ukikielekeza kwenye kioo cha dirisha kitasoma kioo. Watu wengi wametangaza “ubaridi uliopita chumbani” kumbe mkono ulihama kutoka ukuta wa matofali hadi kwenye bomba la moshi. Vivyo hivyo, duara za mwanga zinazoonekana kwenye picha ni vumbi na chembe za unyevu zilizo karibu na lenzi, zikipigwa na flashi. Katika jiji lenye unyevu kama Savannah, zitapatikana usiku wowote.

Redio maalumu huruka kutoka masafa hadi masafa bila kutulia, ikitoa vipande vya maneno ya stesheni zilizo hai, na msikilizaji hujaza yaliyobaki. Kinasa sauti kina historia ndefu zaidi. Mwaka 1959 Friedrich Jürgenson alikuwa akirekodi ndege huko Uswidi akaamini amesikia sauti za watu kwenye utepe. Konstantin Raudive wa Latvia aliifuata njia hiyo kwa maelfu ya rekodi. Wote wawili walisikiliza kwa bidii ya kweli, na bidii hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu sikio la binadamu limeumbwa kutafuta maneno. Kikundi chetu kimekubaliana kanuni mbili. Ya kwanza: mtu akikohoa, akisogeza kiti, au tumbo likinguruma, aseme papo hapo kwa sauti, “Ni mimi, kiti,” ili kinasa sauti kibebe maelezo pamoja na kelele. Ya pili: siku ya kusikiliza, kila mmoja atasikiliza peke yake na kuandika alichosikia kabla ya kuzungumza na mwingine. Karatasi zisipofanana, hakuna sauti.

Kuna pia mambo ambayo hakuna mtu anayeyasikia lakini mwili unayahisi. Mhandisi Vic Tandy alikuwa akifanya kazi katika maabara moja huko Coventry, Uingereza, ambako watu waliingiwa na hofu isiyo na sababu. Usiku mmoja aliona umbo la kijivu pembeni mwa jicho lake, alipogeuka likatoweka. Siku iliyofuata aliuweka upanga wa mchezo kwenye jiriwa ili autengeneze, na ncha yake ikaanza kutetemeka peke yake. Alifuatilia mtetemeko huo hadi kwenye feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa mawimbi ya sauti ya karibu herzi 19, chini kidogo ya uwezo wa sikio. Feni ilipozimwa, hofu ikaondoka. Alichapisha maelezo yake mwaka 1998. Baadaye Chris French na wenzake jijini London walijenga chumba maalumu, wakaingiza watu 79 mmoja mmoja, huku mawimbi kama hayo na sumakuumeme vikiwashwa kwa wengine na kuzimwa kwa wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wengi walipatwa na mambo ya ajabu, lakini hayakutegemea kama mitambo iliwashwa au la. Maelezo yaliyofaa zaidi yalikuwa kwamba watu waliambiwa huenda wakahisi kitu.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote hakitajwi sana na watafuta mizimu: king'ora cha kaboni monoksidi. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer aliandika kisa cha familia iliyohamia nyumba ya zamani, ikaanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwepo, kuumwa vichwa, na watoto kudhoofu. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa limeharibika na linavuja gesi yenye sumu. Lilipotengenezwa, mizimu ikakoma. Familia ile ingepelekewa mganga badala ya fundi, pengine ingekufa.

Walioishi na mizimu bila tiketi

Yote hayo yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ninakwenda Savannah kubeza. Sivyo. Kuna watu wa pwani ile waliowachukulia wafu kwa uzito kuliko kikundi chochote chenye kamera, nao ni Wagullah Geechee, wazao wa Waafrika waliotiwa utumwani kwenye visiwa na mashamba kutoka North Carolina hadi Florida. Mwaka 2006 bunge la Marekani liliitambua pwani hiyo rasmi kuwa ukanda wa urithi wao.

Katika nyumba ya Owens-Thomas, iliyokamilika mwaka 1819 kwa ramani ya William Jay, makazi ya watumwa yapo uani, na dari yake ina rangi ya buluu iliyogunduliwa wakati wa ukarabati katika miaka ya 1990. Ni rangi ya nili iliyochanganywa na chokaa na maziwa, na imani iliyozoeleka pwani nzima ni kwamba mizimu haiwezi kuivuka. Ukisimama chini yake unaona mahali brashi ilipopita. Waliolala chini ya dari ile walifanya kazi nyumba kubwa tangu alfajiri, na usiku walipojifungia walikuwa na jambo moja la kujifanyia wenyewe, nalo ni kuweka mpaka kati yao na lisiloonekana.

Mpaka huo umejaa katika utamaduni wao. Chupa zilitundikwa mitini ili kunasa pepo. Juu ya kaburi viliwekwa vyombo vya mwisho alivyovitumia marehemu, vikombe na sahani vikiwa vimevunjwa, desturi iliyojulikana pia kwa Wakongo ng'ambo ya bahari. Sakafu ya kanisa la First African Baptist, jengo lililokamilika mwaka 1859 kwa kazi ya waumini wenyewe, ina matundu yaliyopangwa kwa umbo la msalaba ndani ya msambamba. Waumini husimulia kwamba watu waliotoroka utumwa walijificha chini yake na kuvuta hewa kupitia hapo, na umbo lenyewe ni alama ya Wakongo ya njia kati ya walio hai na wafu. Kumbukumbu ya Kongo ilikuwa bado mbichi wakati huo: Novemba 1858 meli ya Wanderer, ya mfanyabiashara wa Savannah Charles Lamar na wenzake, iliteremsha kisiwani Jekyll watu wapatao 400 kutoka huko, nusu karne baada ya sheria kukataza kuingiza watumwa. Washtakiwa walipelekwa mahakamani Savannah na wakaachiwa.

Wagullah Geechee pia wana boo hag, kiumbe anayevua ngozi yake usiku na kumkalia mtu aliyelala hadi apumue kwa taabu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Hilo ni jinamizi. Madaktari wanalieleza kuwa ni hali ambapo akili imeamka huku misuli ingali imefungwa na usingizi, na kifua huhisi uzito. Nimelitaja kwa sababu baadhi ya wenzangu wanakusudia kulala katika nyumba ile. Tumekubaliana kwamba chochote kitakachompata mtu akiwa amelala au akisinzia kitaandikwa kwa heshima, lakini hakitahesabiwa.

Ninachojifunza kwa watu hawa ni adabu. Katika miaka ya 1930 kikundi cha waandishi mjini Savannah, chini ya mpango wa serikali wa kuwaajiri waandishi, kilikusanya simulizi za wazee weusi wa pwani, zikachapishwa mwaka 1940 katika kitabu Drums and Shadows. Katika simulizi hizo wafu hawaitwi ili watumbuize. Wanapewa chakula, wanazikwa ipasavyo, wanaombwa wabaki kwao. Yapo makundi ya wachunguzi yanayotukana mizimu kwa makusudi ili iudhike na kujibu. Kufanya hivyo katika chumba walimolala watumwa ni kurudia ukatili wa bwana wao. Kama wafu wanasikia, hawastahili. Kama hawasikii, wajukuu zao wapo mtaani.

Karatasi nitakayoingia nayo

Kabla ya usiku wenyewe, mahali pangu pa kwanza ni jumba la Chama cha Historia cha Georgia, kilichoanzishwa Savannah mwaka 1839. Nyumba yoyote ya mji huu ina hati za umiliki, wosia, na orodha za mali zilizoandikwa mwenye nyumba alipofariki. Sensa ya mwaka 1850 na ile ya 1860 ziliwahesabu watumwa katika majedwali ya peke yao, kwa umri, jinsia na rangi, bila majina, chini ya jina la mmiliki. Mstari unasomeka: mwanamke, miaka 30, mweusi. Majina lazima yatafutwe kwingine, katika hati za mauzo, katika vitabu vya makanisa, na hasa katika rejista za benki ya akiba iliyofunguliwa baada ya vita kwa ajili ya watu walioachiwa huru, ambayo ilikuwa na tawi Savannah. Karani alipomwandikisha mteja alimuuliza wazazi wake, ndugu zake, na wako wapi. Majibu mengi yanataja watu waliouzwa mbali na ambao hawakuonekana tena. Pale, kwa maneno yao wenyewe yaliyoandikwa wakiwa hai, watu wa nyumba hizi wamejibu maswali ambayo wachunguzi huyauliza gizani: ulikuwa nani, ulimpoteza nani, ulitoka wapi.

Kutokana na hati hizo nitaandaa karatasi moja ya majina ya watu waliothibitika kuishi, kutumikishwa au kufia katika nyumba tutakayoingia. Itafungwa ndani ya bahasha, na atakayeuliza maswali usiku hataiona. Hatutataja jina lolote gizani. Tutauliza maswali ya wazi, tutanyamaza kwa muda baada ya kila swali, na tutaacha mashine zinase zinachonasa. Siku ya kusikiliza, kila mmoja akiwa ameshaandika alichosikia, ndipo bahasha itafunguliwa. Jina au jambo likilingana na karatasi, tutakuwa na kitu cha kuwapelekea watu wenye mashaka, nasi tutakuwa wa kwanza kukitilia shaka. Lisipolingana, tutasema hivyo waziwazi, na ripoti ya uchunguzi wetu bado itaanza na ukurasa wa majina yale, pamoja na hati yalimotoka, ili mwenye nyumba asiwe tena na sababu ya kuwasimulia wageni wake kuhusu mtu ambaye hakuwahi kuwepo.